Sketi za Majaribio

Mkiitwa mahali mkafanye kazi ya majaribio, ulizeni swali moja kabla hamjakaa: hiki nitakachokitengeneza leo, kesho kitakuwa wapi? Wakiwajibu kwamba kitatupwa, au kitabaki hapo wakitazame, kaeni mfanye. Wakianza kukwepesha macho na kusema, "Dada, wewe fanya tu, mengine tutaongea," chukueni bahasha zenu za kaki mwondoke. Nawaambia mimi Zaina, bibi yenu, niliyeshona nguo katika mji huu wa Dodoma mpaka macho yakakataa kuona tundu la sindano. Nawaambia kwa hasira, na mtu asiniletee maji ya kunywa ili nitulie.

Hasira yenyewe ilikuwa imelala. Aliyeiamsha ni mjukuu wangu Rehema, Jumamosi iliyopita. Rehema amesomea upishi chuoni, ana cheti, ana hata kofia ndefu nyeupe aliyoinunua mwenyewe. Ukumbi mmoja wa sherehe ukamwita kwenye kitu walichokiita usaili wa vitendo, yeye na vijana wenzake wengi tu. Wakapewa visu. Wakamenya viazi, wakachambua mchele, wakakaanga kuku, wakapika pilau kwenye masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Jioni akarudi mikono inanuka vitunguu, macho mekundu.

"Mlikuwa mnampikia nani?" nikamuuliza.

"Bibi, kulikuwa na harusi."

"Harusi ya nani?"

"Simjui. Wamesema watatupigia."

Maharusi wamekula, wakwe wamekula, wapiga muziki wamekula na wamefungiwa ya kubeba nyumbani. Waliopika wameambiwa watapigiwa simu. Na Rehema ananisimulia haya huku simu ameilaza mezani, kioo juu, asije akapitwa. Nikaona nikinyamaza nitapasuka.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Dodoma nililetwa na ndoa, na kushona nilifundishwa na Mzee Chidawali, Mgogo mrefu, mwembamba, aliyekuwa na karakana ya ushonaji karibu na soko. Tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata msibani. Ukienda kwake kuomba kazi hakuuliza umesoma wapi. Alichukua mfuko wa saruji uliokwisha, akaukung'uta uani, akachana ile karatasi ya ndani iliyo safi, akaichora mistari kwa penseli: iliyonyooka, iliyopinda, ya kona. Halafu alitoa uzi kwenye cherehani, akasema, "Haya, shona." Yaani cherehani hakina uzi na kitambaa ni karatasi, sindano inatoboa tu. Ukimaliza ananyanyua karatasi yako dirishani, anatazama matundu mwanga unavyopita. "Huyu ana haraka," anasema. "Huyu anaogopa kona." Kuna baba mmoja mwenye mvi, mzee alimwambia, "Wewe aliyekufundisha alikuwa anakuchapa, siyo?" na yule baba akakubali mbele yetu sote.

Siku yangu mimi nilikanyaga pedeli kinyumenyume, karatasi ikachanika katikati. Nikasimama nijiendee zangu kwa aibu.

"Kaa, mama," akaniambia. "Hiyo ni karatasi ya saruji. Hakuna mtu anayeisubiri aivae."

Nilipokuwa nimezoea nilimuuliza kwa nini asiwape watu kitambaa wajaribie, maana vipande vilikuwa tele. Aliacha mkasi.

"Nikimpa kitambaa, atashona nguo," akasema. "Akishona nguo, nitaiuza. Nikiiuza bila kumlipa, mimi nitakuwa nani, Zaina?"

Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka jibu. Nikarudi kwenye marinda yangu.

Na hayo marinda niwaelezeni, kwa sababu ndiyo yaliyonifumbua macho baadaye. Rinda la sketi ya shule linashonwa kutoka kiunoni kushuka kidogo, halafu linaachiwa lifunguke. Pale linapoachiwa ndipo panapofumuka mtoto akiruka kamba. Mafundi wengi hapo hurudisha mshono kidogo, basi. Mzee Chidawali alitufundisha kumalizia kwa pembetatu ndogo ya uzi, ambayo kwa nje inaonekana kama punje ya mtama. Inachelewesha kazi, na wenye haraka waliiacha mara tu mzee alipogeuza mgongo. Mimi sikuiacha. Mkono wangu uliizoea hadi nikawa siwezi kufunga rinda bila hiyo.

Mji ulipoanza kukua kwa kasi, wizara zikahamia, viwanja vikawa vinagombaniwa, mwenye jengo la karakana akaliuza. Pale sasa pana nyumba ya wageni ya ghorofa. Mzee Chidawali akarudi kijijini kwao kwenye mizabibu yake, nasi tukatawanyika kila mtu na mkasi wake. Mimi nilikuwa mjane, na ujana ulikuwa umeshaniaga. Kaka yangu akanipigia kutoka Kondoa.

"Zaina, rudi nyumbani. Chumba kipo. Utasaidiana na wifi yako kulea watoto."

Kaka yangu ni mtu mwema na chumba kilikuwepo kweli. Lakini nilijua maana ya chumba kile. Ningekuwa shangazi wa kutumwa chumvi mpaka nife, mimi niliyekuwa nikila kwa mikono yangu. Nikamwambia anipe muda mpaka shule zifunguliwe Januari. Nisipopata kazi, naja.

Hapo ndipo nilipokutana na adha ya kutafuta kazi. Hoteli moja ilitaka fundi wa mapazia na sare za wahudumu. Dada wa mapokezi akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akasema, "Samahani mama, tunataka mtu mwenye muonekano." Fundi wa kukaa chumba cha nyuma na mapazia! Anaonekana na nani humo? Duka lingine lilibandika tangazo kwamba anayetakiwa awe na uzoefu wa muda mrefu na umri usiozidi miaka ishirini na mitano. Nilisimama mbele ya lile tangazo nikijiuliza kama huyo wanayemtaka alianza kushona akiwa mgongoni mwa mama yake. Mpwa wa marehemu mume wangu, aliyekuwa ofisini mjini, alinizungusha njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, bosi kasafiri, bosi karudi ila yuko kikaoni, hadi mlinzi wa getini akawa ananivutia kiti bila kuniuliza ninakwenda wapi.

Mlioko barabarani sasa hivi chukueni haya machache. Nendeni asubuhi, kabla bosi hajagombana na mtu. Fundi avae nguo aliyoishona mwenyewe. Bebeni kazi zenu mkazioneshe, lakini msiziache pale, hata wakisema wanataka kumwonesha mkubwa. Na mkiambiwa "tutakupigia," waulizeni ni lini, mkiwatazama usoni. Mwenye nia ya kupiga atataja siku.

Mimi hili la mwisho sikulijua. Siku moja, wiki chache kabla ya Krismasi, niliona karatasi kwenye nguzo ya umeme: mafundi wanahitajika, Kizota, waje na vitambulisho. Nikaenda. Karakana ilikuwa banda kubwa la mabati, vyerehani vya umeme vimepangwa mistari, vinang'aa. Mwenye nayo aliitwa Madamu, na hilo ndilo jina pekee nililowahi kulisikia. Mwanamke mzuri, ananukia, ana adabu.

"Shikamoo, mama yangu," akaniamkia. "Karibu sana. Sisi hapa tunapenda watu wazima, wana utulivu."

Wallahi nilimpenda palepale. Tuliingizwa kwa mafungu, fungu moja linatoka, jingine linaingia, kila fungu siku tatu za majaribio. Tulipewa tetroni ya bluu, imeshakatwa tayari, tushone sketi za marinda. Mbona sikushtuka kwamba majaribio yana saizi? Kulikuwa na saizi ya mtoto wa darasa la kwanza, kulikuwa na ya msichana mkubwa, zimefungwa kwa mafungu na zimeandikwa kwa chaki. Sikushtuka kwa sababu nilitaka kazi. Nilishona kama vile Mzee Chidawali amesimama nyuma yangu, sikunyanyua kichwa hata kuangalia chai ya wenzangu, chai ambayo kila mtu alijinunulia.

Siku ya tatu Madamu akainua sketi yangu moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye marinda.

"Mama, umefanya vizuri," akasema. "Wewe ndiye fundi. Nenda nyumbani ukapumzike, tutakupigia."

Nilitoka pale nimekuwa msichana. Nikanunua sukari na mchele mzuri, nikampigia kaka yangu nikamwambia chumba chake akiwekee mahindi, mimi nimepata kazi. Halafu nikakaa kuisubiri simu. Ililia mara nyingi tu. Kila mara ilikuwa kampuni ya simu inataka kuniuzia muziki.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa bado nimekaa. Jirani akaniambia Bahi kuna gulio, watu wanatafuta wa kuwatilia viraka magunia na nguo za shamba, nikaenda nikatazame. Nimeshuka kwenye bodaboda, nimesimama pembeni ya njia nafuta vumbi usoni, wanafunzi wakaanza kupita wakitoka shule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Ndipo nikaiona punje ya mtama kwenye sketi ya mtoto mmoja. Ipo kwenye rinda la kwanza, ipo la pili, imezunguka kiuno cha yule mtoto chote. Nikamwomba asimame, nikainama hapo njiani wenzake wakicheka. Ilikuwa sketi yangu. Msiniulize nilijuaje. Ninyi mnaijua miandiko yenu au hamuijui? Nikatazama ya mwenzake: bluu ileile, mkono mwingine, mtu aliyeogopa kona. Ya tatu, mkono mwingine tena, mwenye haraka. Shule nzima imevaa sare moja, imeshonwa na watu ambao hakuna hata mmoja aliyeajiriwa.

"Mwanangu, sketi hii mmeipata wapi?"

"Zililetwa na gari, bibi," yule mtoto akajibu. "Mama alinilipia kwa mwalimu. Mwalimu alisema zimetoka Kizota."

Kuibiwa nimeshaibiwa, mtu kaingia nyumbani kachukua redio kaenda zake, nikamlaani nikasahau. Lakini yule aliiba usiku, akijua kwamba anaiba. Huyu aliniamkia shikamoo. Alinikalisha kitini, akaifanya kazi yangu kuwa mtihani, akachukua kazi, akaniachia matumaini nikae nayo nyumbani nikiitazama simu. Na wazazi wa Bahi, wakulima wa mpunga wanaohangaika na maji ya mwaka huu na ukame wa mwaka ujao, wao wamelipia sketi kama kawaida. Hakuna aliyepewa bure isipokuwa Madamu.

Gulio sikulifikia. Nikarudi na bodaboda ileile, na kesho yake asubuhi nilikuwa Kizota. Nje ya banda kulikuwa na mabenchi, na mabenchi yamejaa vijana wenye bahasha. Nikawapita nikaingia ndani moja kwa moja.

"Sketi zangu nimeziona Bahi," nikamwambia Madamu.

Hakubadilika rangi. "Shikamoo, mama. Kaa kwanza."

"Sikai. Nimeziona zimevaliwa."

"Sasa mama yangu, kwani tuliandikiana mkataba? Ulikuja mwenyewe, ukaomba ujaribiwe, nikakujaribu. Umeme ni wangu, uzi ni wangu, cherehani ni changu. Wewe umepata uzoefu."

"Uzoefu! Mimi nimeanza kushona wewe unavalishwa nguo na mama yako."

Akacheka. Akanitazama kwa namna nyingine, kama mtu anayepima kitambaa.

"Umeitambua kazi yako mpaka Bahi," akasema polepole. "Mama, wewe una jicho. Unajua nini? Mimi nakuhitaji kweli. Hao wa nje wamekuja kwa ajili ya majoho ya mahafali ya vyuo. Wako wengi na mimi siwezi kuwakagua wote. Wewe kaa hapa, wapokee, waelekeze, wakimaliza waambie wamefanya vizuri, watapigiwa. Mshahara kila mwisho wa mwezi, na mkataba nitakuandikia leo."

Wanangu, sitawadanganya kwamba nilikataa hapohapo. Nilikaa kwenye kile kiti nilichokikataa. Shule zilikuwa zimefunguliwa, muda niliomwomba kaka yangu ulikuwa umekwisha, na uongo niliokwisha kumwambia kwamba nimepata kazi sasa ungekuwa kweli. Kazi ya kukaa, yenye mkataba, mjini. Niliyokuwa naitafuta kwa miguu, jua la Dodoma likinichoma utosi, imeletwa mezani. Nikawaza chumba cha Kondoa, nikawaza chumvi.

Kilichoninyanyua ni yale maneno yake, waambie wamefanya vizuri. Mimi aliponiambia nimefanya vizuri niliamini. Nilikwenda nikanunua sukari.

"Tafuta mwingine wa kuwaambia hivyo," nikasema. "Mimi ni fundi wa kushona."

"Mama, utajuta."

"Pengine."

Msinihurumie, sikufa njaa. Baadaye nilikwenda Ihumwa, kule malori yanakopaki, kwa mtu anayetengeneza maturubai. Alinipa turubai lililochanika nilitie kiraka, akasema, "Hili ni la mteja, kwa hiyo hata nikikukataa nakulipa." Jioni akanilipa kwanza, ndipo akaniambia nirudi kesho. Nilishona maturubai kwake mpaka nilipostaafu, vidole vikawa vigumu kama kwato, na Kondoa nilikwenda sikukuu za Idi nikiwa mgeni mwenye zawadi. Watu wa namna ile wapo. Lakini mbona tunamsifu mtu kwa kulipa kazi iliyofanywa, kana kwamba ametoa sadaka? Ndivyo tulivyofikia. Siku hizi hata nguzo ya umeme hawahitaji, wanawatumia tangazo kwenye simu: tutumie sampuli, tuchoree nembo, tuandikie tangazo, njoo ujitolee kidogo tukuone. Hicho kidogo mbona hakiishi?

Turudi Kizota. Nilipotoka nilisimama mbele ya yale mabenchi, nikawaeleza wote bila kupunguza sauti. Niliwaambia sketi nimeziona Bahi, simu haipigwi, majoho mtakayoshona humo watavaa watu na ninyi hamtaitwa. Nilitegemea wainuke. Kijana mmoja akaangalia viatu vyake. Mwingine akahamisha bahasha kutoka goti hili kwenda lile. Hakuna aliyeinuka.

"Mama," akasema binti mmoja aliyekaa mwanzo wa benchi, "mimi nimetoka Mpwapwa. Nyumbani wanajua nimekuja kazini. Labda watachukua hata mmoja."

"Hawachukui, mwanangu."

"Labda," akasema, na mlangoni wakaita jina lake. Akasimama, akajinyoosha sketi. Alipofika karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, humo ndani ni kitambaa gani?"

Nilitaka kumshika mkono nimvute mpaka barabarani. Nilitaka kupiga kelele.

"Cha majoho," nikamwambia. "Kinateleza. Waombe sindano nyembamba, namba kumi na moja. Wakikupa nene itavuta nyuzi. Na uzi usiukaze."

"Kumi na moja," akarudia. "Asante, mama."

Akaingia. Nikabaki pale nje na hasira yangu, namwombea ashone vizuri.